Miaka yangu King County, mto uliokauka na jina lililobadilishwa bila kubadilishwa

Nimeingia jimbo la Washington Oktoba 2010 na kwa miaka mingi mtu wa nyumbani akiniuliza waishi wapi namjibu Seattle, manake ndo jina wanalolijua, lakini ukweli ni kwamba Seattle nilikuwa siendi mara nyingi, maisha yangu yote yalikuwa Kent, bondeni, kwenye magodauni. Nimezaliwa Kipini, kule mto Tana unapoingia baharini, kwa hivyo kaunti yangu ya kwanza ni Tana River. Hii ya pili ni King County, huku Marekani, ambayo ndani yake mna Seattle na Kent. Nataka kueleza vile nilivyoijua, kwa sababu nilichelewa sana kuijua na kuchelewa huko kulinigharimu.

Wiki ya pili tu nilipofika, dada aliyenipokea akanipeleka kutembea kando ya Green River. Nikakuta magunia ya mchanga. Si magunia ya kawaida haya ya kubeba mabegani, ni makubwa, gunia moja linakupita kiuno, yamepangwa juu ya tuta la mto maili baada ya maili. Dada akasema hata hajui ya nini, yamewekwa tu na serikali. Mie nikasimama. Mwaka 1997 nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, mvua ya El Niño ikaja, barabara ya Garsen ikakatika, tukakaa wiki nzima juu ya kilima na mbuzi na majirani, kwa hivyo mchanga ukipangwa kando ya mto mie siulizi mara mbili, najua kuna mtu anaogopa maji. Nikamuuliza dada, huu mto hufurika? Akasema aa, hapa Marekani bana.

Baadaye kazini ndo nikaelewa. Juu kule milimani kuna bwawa linaitwa Howard Hanson, lilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 60, na kabla ya hapo bonde la Kent lilikuwa likifurika karibu kila msimu wa mvua. Bwawa likajengwa, bonde likakauka, mashamba yakawa magodauni na viwanda. Januari 2009 ikanyesha mvua kubwa, maji yakaanza kupenya ubavuni mwa bwawa, mafundi wakaona haliwezi tena kushika maji kama zamani mpaka lirekebishwe. Basi ndo yale magunia, yalikaa mpaka mwaka 2012 hivi. Sisi huku chini tukipanga maboksi shifti ya usiku na kichwani kwetu kuna bwawa linalovuja! Wengi wetu hatukujua kabisa, na hatukujua kwa sababu hatukuuliza, tulijua njia ya kwenda kazini, duka la mchele na msikiti, basi.

Pale godauni kulikuwa na mzee mmoja Mkongomani wa Uvira, sote tukimwita Papa, Kiswahili chake na changu vilikuwa vinapishana lakini tukielewana vizuri. Yeye ametoka kando ya ziwa Tanganyika. Siku moja wakati wa kula akaniambia, mama, hii fasi tuko iko ya maji, ona vile iko sawasawa, hakuna mlima. Na kweli, bonde la Kent ni tambarare kama Garsen, halafu kushoto na kulia vilima vimesimama ghafla. Nikaanza kusoma. Nlikuwa nasoma kwa simu ndani ya basi, kidogo kidogo, mwanzo kwa sababu ya woga wa mafuriko tu, halafu nikanogewa.

Kumbe zamani sana, miaka kama 17,000 iliyopita, sehemu hii yote ilifunikwa na barafu iliyoshuka kutoka Canada, pale Seattle penyewe unene wake ulikuwa kama mita 900. Barafu ile ilikuwa inatoka kaskazini kwenda kusini, ikakwangua ardhi vilevile, ndo maana vilima vya huku na maziwa yake yote vimelala kaskazini-kusini, ziwa Washington, ziwa Sammamish, hata ghuba ya Puget Sound. Mtu yeyote anayeendesha gari King County anajua hili hata kama hajawahi kulisoma: ukienda kaskazini au kusini njia ni laini, ukienda mashariki au magharibi ni kupanda na kushuka mpaka breki zinalia. Barafu ilipoyeyuka bahari ikaingia ndani ya bonde letu, Kent na Auburn zilikuwa maji ya chumvi. Halafu miaka kama 5,600 iliyopita upande mmoja wa mlima Rainier ukaporomoka, tope likateremka na bonde la mto White mpaka huku chini, na baadae mito ikaendelea kuleta udongo wake mpaka ule mkono wa bahari ukajaa ukawa nchi kavu. Papa alikuwa sahihi kabisa bila kusoma popote.

Mlima wenyewe uko kaunti jirani, Pierce, lakini siku ya jua unauona kutoka kila kona ya Kent, mweupe, kama umechorwa. Kuanzia siku ile nikauangalia tofauti.

Sasa hii kaunti yenyewe ilianzaje. Desemba 22, 1852 baraza la Oregon lilikaa likachora mistari, maana wakati ule hakukuwa na Washington, yote ilikuwa himaya ya Oregon. Walowezi wa kwanza wa Seattle walikuwa wameshuka pale Alki Novemba 13, 1851, yaani mwaka mmoja tu na siku chache kabla, watu wachache, ukiwahesabu na watoto hawajai basi moja, wamezungukwa na Waduwamish ambao wamekaa pale vizazi na vizazi. Wakapewa kaunti. Siku hiyohiyo ikachorwa pia kaunti ya Pierce. Pierce ni Franklin Pierce aliyekuwa ameshinda urais mwezi mmoja nyuma, na King ni William Rufus King, makamu wake. Rais na makamu wamewekwa ubavu kwa ubavu kwenye ramani.

Huyu King hakuwahi kukanyaga huku. Alikuwa seneta wa Alabama, mwenye shamba kubwa na mwenye watumwa wengi, na alikuwa anaumwa kifua kikuu, akaenda Cuba kutafuta hewa, akaapishwa hukohuko Cuba Machi 1853, akarudi Alabama, Aprili akafa, hata mwezi hajamaliza. Kaunti ikabaki na jina lake zaidi ya miaka 130 na wala hakuna aliyejali sana.

Mie hili sikulijua kabisa mpaka 2018. Nilikuwa nimepata uraia mwaka mmoja nyuma, nikaletewa barua ya kuitwa mahakamani Kent kukaa kwenye jopo la wananchi wanaosikiliza kesi. Juu ya barua kuna uso wa mtu. Nikautazama nikasema huyu si Martin Luther King? Yaani miaka nane nikiona ile alama kwenye barua na magari ya kaunti nadhani ni picha tu ya kiongozi fulani wa zamani wa hapa. Nilipofika mahakamani kulikuwa na mama mmoja mweusi mtu mzima tumekaa benchi moja tukisubiri kuitwa, nikamuuliza, kwa heshima, mama hii kaunti iliitwa kwa ajili ya Dr. King? Akacheka akanishika mkono. Akasema haikuitwa, iligeuzwa, na mimi nilikuwepo.

Akanisimulia yote. Februari 1986 madiwani wawili, Ron Sims na Bruce Laing, mmoja Mdemokrati mmoja Mrepublican, walipeleka hoja kwamba jina libaki King lakini kuanzia sasa ni la mwingine, ni la Martin Luther King Jr. Kura zikawa tano kwa nne. Tano kwa nne! Mtu mmoja tu angebadili mawazo tungekuwa bado tunamheshimu mwenye watumwa. Na hata hapo halikuwa limekwisha, maana kaunti inaundwa na jimbo na jina lake liko mikononi mwa jimbo, ikabidi wasubiri mpaka 2005 bunge la jimbo lipitishe sheria na gavana Christine Gregoire atie sahihi. Alama ya zamani ilikuwa taji la mfalme, kwa sababu King ni mfalme, ikatolewa, uso wa Dr. King ukawekwa mwaka 2007. Miaka kumi na tisa kati ya kura na sheria. Yule mama alisema kila mwaka katikati hapo walikuwa wanaenda kupiga kelele.

Kitu kilichonitoa machozi ni kingine nilichokikuta usiku huo nyumbani. William Rufus King ni mmoja wa walioanzisha mji wa Selma, Alabama, na jina Selma alilichagua yeye. Selma hiyohiyo ambayo mwaka 1965 watu weusi walipigwa kwenye daraja wakidai haki ya kupiga kura, na Dr. King akaenda akaongoza maandamano. Kwa hiyo hawa wawili walikuwa wameshakutana Selma kabla ya kukutana huku kwetu. Dr. King mwenyewe alifika Seattle mara moja tu maishani, Novemba 1961. Nilikaa kitandani na simu yangu nikamwamsha mume wangu saa saba usiku nimwambie, akaniambia lala mama watoto una kazi asubuhi, lakini na yeye hakulala tena.

Turudi kwenye makosa yangu. Mwaka 2014 tulikuwa tumehama Kent tukapanga Skyway, kilimani, kati ya Seattle na Renton. Anwani inaandikwa Seattle. Kuna shimo barabarani mbele ya nyumba likawa linakula tairi za gari letu, nikapiga simu ofisi ya mji mmoja, wakaniambia hapo si kwetu, nikapiga mji wa pili, hapo si kwetu. Nilizungushwa wiki tatu na mie nimejenga hasira kwamba ni kwa sababu ya lafudhi yangu. Mwishowe jirani akanieleza, Skyway haimo ndani ya mji wowote. Anwani ni ya posta tu. King County ina miji 39 na vilevile ina sehemu ambazo hazina mji, hazina meya, serikali yake ya karibu ni kaunti yenyewe, barabara ni za kaunti, polisi ni sherifu wa kaunti. Nilipopiga kaunti shimo likazibwa. Sisi Wakenya tumeanza kaunti 2013 na tunajua gavana ni nani na hospitali ni ya nani, lakini huku nilikuja nikadhani kaunti ni jina la kwenye fomu. Kama wewe ni mgeni unapanga nyumba huku, angalia kwanza uko ndani ya mji au nje, usiangalie anwani.

Na la pili. 2019 tulitaka kununua. Dalali akatuonyesha nyumba nzuri bondeni, bei imekaa vizuri kuliko zote tulizoziona, mume wangu akapenda uwanja wake. Nikasema nataka kuona ramani ya mafuriko. Dalali akasema hapa hapajafurika miaka, kuna bwawa. Najua kuna bwawa, ndo maana nauliza. Ramani za FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia majanga, ziko wazi unaingiza anwani tu unaona. Halafu watu wengi hawajui kwamba bima ya kawaida ya nyumba huku haishughuliki na mafuriko, ya mafuriko unakata peke yake. Tuliiacha ile nyumba. Mume wangu alininunia kama siku tatu.

Kutoka Skyway ukishuka chini unafika mahali ambapo kwangu mie ndo moyo wa hadithi yote. Mwanangu mkubwa anacheza mpira Tukwila, kwenye viwanja vya Fort Dent, Jumamosi pale utasikia Kiswahili, Kisomali, Kihispania, kila kitu. Nyuma ya viwanja Green River inapita na pembeni yake kuna kijito, ukikiona utadhani ni mtaro wa maji machafu. Kile ndo kilichobaki cha Black River. Nilisoma kwenye kibao mara ya kwanza nikadhani nimesoma vibaya.

Zamani ziwa Washington, ambalo ni refu zaidi ya kilomita 30, lilikuwa likimwaga maji yake kusini, pale Renton, kupitia Black River. Cedar River ukaingia humohumo. Halafu Black ukakutana na White na Green, vikawa Duwamish, ukaenda baharini. Mto mkubwa haswa, wenye vijiji vya Waduwamish kandokando yake. Sasa tazama. Mwaka 1906 mafuriko ya Novemba yakauhamisha mto White, ukaacha kuja kaskazini ukageukia Pierce County, na watu wa King wakahakikisha haurudi. Mwaka 1912 Cedar ukageuzwa uingie ziwani. Mwaka 1916 wakafungua mfereji wa meli kaskazini kupitia Ballard, mtaa wa Seattle, ziwa zima likashuka kama mita mbili na nusu mpaka tatu, na mdomo wa Black River ukabaki juu hewani. Mto ukakauka. Haukufa kwa ukame, ulikauka kwa sababu maji yake yalipewa njia nyingine, na samaki waliokuwa ndani wakabaki kwenye madimbwi, na waliokaa kando yake hakuna aliyewauliza.

Hawa Waduwamish ndo watu wa mama yake Chifu Seattle, mji umebeba jina la mtoto wao. Walitia sahihi mkataba wa Point Elliott Januari 1855 wakaitoa ardhi, na mwaka 1865 mji wa Seattle ukapitisha amri kwamba wenyeji wa asili kama wao wasikae mjini. Mpaka leo serikali kuu ya Marekani haiwatambui kama kabila. Wana nyumba yao ndefu ya mbao kando ya mto Duwamish, ilifunguliwa 2009, nilipeleka watoto, tukakaribishwa vizuri sana, yule mama aliyetupokea akamuuliza binti yangu ninyi watu wa mto gani, na binti yangu aliyezaliwa Renton akajibu, Tana.

Baba yangu ni mvuvi, amezeeka sasa, yuko Kipini. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akinihadithia kwamba mto Tana zamani haukuwa unatokea pale kwetu, ni mfereji wa Belezoni uliochimbwa enzi za masultani wa Witu ndo uliovuta maji mpaka mto wenyewe ukahamia huko. Kwa hivyo sisi Kipini tumepata mto kwa sababu wengine waliukosa, na baba hupenda kusema hilo taratibu, si kwa kujisifu. Mwaka jana nikiwa Fort Dent nasubiri mtoto amalize mechi nikampigia simu ya video. Nikamwonyesha kile kijito, nikamwambia baba hapa palikuwa na mto, mto kabisa wa kuingiza mtumbwi, ukakauka mwaka 1916 kwa ajili ya mfereji.

Akanyamaza. Akaniambia sogeza simu nione vizuri. Nikashuka mpaka ukingoni, kuna korongo mmoja wa kijivu amesimama majini, kuna msitu nyuma pale ambako hao ndege wanajenga viota vyao. Baba akauliza, na samaki walikwenda wapi?

Nikamwambia wengine waliisha. Lakini wale wa Cedar River, samoni, sahii wanapita Ballard kwenye ule mfereji, pale kuna malango ya kupandishia meli na pembeni samaki wamejengewa ngazi ya maji, wanaruka daraja moja baada ya jingine mpaka wafike ziwani, halafu wanavuka ziwa lote kusini kutafuta mto wao.

"Samaki wapanda ngazi?" akasema baba. Akageuka nikamsikia anamwita mtu nyuma yake, "Ali! Hebu njoo umsikize huyu mtoto asemavyo," na ile simu ikawa inaonyesha mchanga tu na miguu ya watu wanakuja, mmoja mmoja, mpaka wakawa kama saba wameizunguka, na ikabidi nianze upya tangu kwenye barafu.